Mashine ya kurushia theluji: mbele au nyuma ya trekta?

Swali: Naishi Minnesota, nina trekta ndogo ya nguvu farasi 25. Njia ya kuingilia kwangu ni ya changarawe. Ninunue mashine ya mbele au ya nyuma?

Jibu: Ya nyuma, kama shingo yako inastahimili kugeukageuka unapoendesha kinyumenyume. Ni nafuu na inazungushwa moja kwa moja na shafti ya PTO (ya kutoa nguvu) ya trekta. Ya mbele ni raha, lakini bei yake! Upana usipungue ule wa matairi, la sivyo utaikanyaga theluji kabla hujaiondoa. Kwa changarawe, shusha viatu vya pembeni vya mashine ili kisu chake kiinuke sentimita 2 hivi. Vinginevyo mawe yataruka hadi dirishani kwa jirani. Bolti ya usalama ikikatika, usitie ngumu zaidi: kitakachofuata kuvunjika ni giaboksi.