Kunguru wa New York: Somo la Utambuzi wa Maradhi Mapya

Utangulizi

Maradhi mapya huingia katika nchi kwa sura ya maradhi yaliyozoeleka. Mgonjwa huja na homa, maumivu ya kichwa na ulegevu wa viungo, na daktari hulitafuta jina la ugonjwa katika orodha anayoijua. Ikiwa jina lenyewe halimo katika orodha hiyo, vipimo vyote vyaweza kufanywa kwa uangalifu na bado jibu lisiwe sahihi. Makala haya yanaeleza jinsi Dkt. Tracey McNamara, daktari wa wanyama na bingwa wa patholojia, alivyokabiliana na tatizo la namna hiyo mjini New York mwaka 1999, na yale ambayo wahudumu wa afya ya binadamu wanaweza kujifunza kutokana na kazi yake.

Taaluma yake

McNamara alisomea udaktari wa wanyama katika Chuo Kikuu cha Cornell, kisha akabobea katika patholojia, yaani elimu ya kuyasoma maradhi katika viungo vilivyoathirika. Wakati wa matukio haya alikuwa mkuu wa patholojia katika bustani ya wanyama ya Bronx. Mnyama anapokufa katika bustani kama hiyo, mzoga wake hupasuliwa, na vipande vya viungo huhifadhiwa katika dawa, hukatwa vyembamba, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini.

Mnyama hawezi kueleza maumivu yake, kwa hiyo mtaalamu hutegemea macho na kumbukumbu za vifo vilivyotangulia. Aidha, kwa kuwa anashughulika na spishi nyingi kwa wakati mmoja, huzoea kuuliza swali ambalo halimjii kwa wepesi daktari wa binadamu: ni nani anaugua, na ni nani aliye karibu naye ambaye haugui?

Milipuko miwili, mji mmoja

Katika kiangazi cha mwaka 1999, kunguru walianza kufa katika maeneo ya New York, wakiwamo waliookotwa ndani na kandokando ya bustani ya Bronx. Tarehe 23 Agosti, daktari wa hospitali moja katika eneo la Queens aliiarifu idara ya afya ya mji kwamba alikuwa na wagonjwa wawili, wenye umri mkubwa, waliokuwa na dalili za uvimbe wa ubongo pamoja na ulegevu wa misuli usio wa kawaida. Wagonjwa wengine wa aina hiyo wakapatikana katika hospitali za jirani.

Tarehe 3 Septemba ilitangazwa kwamba ugonjwa huo ni homa ya ubongo ya St. Louis, inayoenezwa na mbu na inayojulikana Marekani tangu mwaka 1933. Mji ukaanza kupuliza dawa ya kuua mbu. Siku hizohizo, ndege wa bustani nao wakaanza kufa: heroe, mnandi, tai mwenye kichwa cheupe na bundi mweupe. McNamara alipowapasua aliona damu iliyovuja katika ubongo, uvimbe wa ubongo na uharibifu mkubwa wa misuli ya moyo.

Hoja ya utambuzi

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Kabla ya kupata jibu lolote la maabara, McNamara aliweza kuondoa majina kadhaa kwa kutazama ndege waliobaki hai.

Kwanza, mdondo na mafua ya ndege. Maradhi haya huwashambulia kuku na bata mzinga, lakini kuku na bata mzinga wa bustani walikuwa wazima.

Pili, homa ya ubongo ya farasi ya mashariki, ambayo huua ndege katika sehemu hiyo ya Marekani. Emu, ndege warefu wanaofanana na mbuni, huathirika vibaya sana na ugonjwa huo. Emu wa Bronx hawakuwa na dalili yoyote.

Tatu, homa ya ubongo ya St. Louis yenyewe. Kirusi chake huishi ndani ya ndege bila kuwaua. Iwapo wanadamu walikuwa na St. Louis, basi kitu kingine kilikuwa kikiua ndege. Na iwapo kitu kimoja kilikuwa kikiua wote, hakikuwa St. Louis. Kwamba mji mmoja, katika majuma yaleyale, upatwe na milipuko miwili isiyohusiana, yote ya ubongo, lilikuwa jambo gumu kulikubali.

Alipoieleza hoja hiyo kwa mamlaka za afya ya binadamu, mwanzoni haikupewa uzito. Vifo vya ndege vilionekana kuwa jambo la idara nyingine. Hakukoma. Alipeleka sampuli katika maabara ya taifa ya wanyama mjini Ames, Iowa, ambako kirusi kilioteshwa na kuonekana kwa hadubini ya elektroni, nacho hakikuwa cha homa ya farasi. Alipeleka nyingine katika maabara ya utafiti wa tiba ya jeshi huko Fort Detrick. Kabla Septemba haijaisha ilithibitika kwamba ndege na wanadamu walikuwa wakifa kwa kirusi kimoja, cha Nile Magharibi, ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana katika bara la Amerika.

Kwa nini kipimo kilipotosha?

Kirusi cha Nile Magharibi na kile cha St. Louis ni ndugu wa karibu, katika jamii moja na virusi vya homa ya manjano na dengi. Kipimo cha awali kilitafuta kingamwili katika damu ya wagonjwa, na kingamwili za kirusi kimoja zaweza kunasa kirusi nduguye. Isitoshe, wagonjwa walipimwa dhidi ya virusi vinavyojulikana Amerika Kaskazini. Nile Magharibi hakikuwamo, kwa hiyo jibu lililofanana nacho zaidi ndilo lililotoka.

Ni haki kusema kwamba unyunyizaji wa dawa haukupotea bure, kwani maradhi yote mawili huenezwa na mbu. Hasara ilikuwa kwingine. Maadamu jina lilikuwa St. Louis, kunguru aliyekufa hakuwa na maana yoyote kwa mamlaka za afya. Jina sahihi lilipopatikana, mzoga wa kunguru ukawa onyo kwamba kirusi kimefika mtaani, na tangu mwaka 2000 taarifa za ndege waliokufa zikakusanywa rasmi. Katika mlipuko wa 1999 watu 62 waliugua na 7 kati yao walifariki. Baadaye kirusi kilienea Marekani nzima, na mwaka 2002 ikabainika kwamba huambukizwa pia kwa kuongezewa damu, jambo lililosababisha damu ya wachangiaji kuanza kupimwa mwaka uliofuata.

Kirusi hiki na Afrika Mashariki

Kirusi hiki kilipatikana kwa mara ya kwanza mwaka 1937 katika damu ya mwanamke mwenye homa, katika wilaya ya Nile Magharibi, Uganda, wakati wa utafiti wa homa ya manjano uliofanywa na taasisi ya Entebbe. Watu wengi wanaoambukizwa, takribani wanane katika kila kumi, hawaoni dalili yoyote; chini ya mmoja katika kila mia hupata madhara makubwa ya ubongo, na wazee ndio walio hatarini zaidi. Hakuna chanjo kwa binadamu, ingawa ipo kwa farasi.

Somo lenyewe halikomei kwa kirusi kimoja. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa baada ya vifo vya kondoo katika shamba karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1930. Hadi leo, mimba za kondoo na mbuzi zinapoharibika kwa wingi baada ya mvua kubwa, mfugaji huwa ameshaona onyo ambalo zahanati bado haijaliona.

Muhtasari

Mtiririko wa kazi ya McNamara unaweza kufupishwa hivi: tazama walioathirika, tazama wasioathirika, liulize kila jina linalopendekezwa iwapo linaeleza makundi yote mawili, na jina likishindwa, usilikubali kwa sababu tu limeshatangazwa. Huo ndio msingi wa mwelekeo unaoitwa Afya Moja.

Maswali ya kujadili

1. Mgonjwa wa homa anayetoka katika jamii ya wafugaji anapofika kituoni, ni maswali gani kuhusu mifugo yanayopaswa kuandikwa katika historia yake?

2. Kwa nini matokeo chanya ya kipimo cha kingamwili hayatoshi kuthibitisha jina la kirusi?

3. Katika wilaya yenu, daktari wa mifugo akiona vifo visivyo vya kawaida, anamwarifu nani upande wa afya ya binadamu, na baada ya muda gani?