Somo la Hesabu: Kupokea Michango kwa Simu, Modemu na Daftari la Fedha

Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe nchini mwaka 2008, wanachama wa vyama vya akiba na mikopo katika sehemu kama Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju wameweza kulipa michango yao bila kufika ofisini. Jambo hili limempunguzia mwanachama nauli, lakini limemwongezea katibu kazi. Jioni huketi na simu mkononi akinakili ujumbe mmoja baada ya mwingine katika daftari la fedha. Mtu aliyechoka huongeza sifuri moja au huruka mstari, na mwanachama aliyelipa huonekana mdaiwa. Ugomvi wa mkutano mkuu mara nyingi huanzia hapo.

Kazi hiyo ya kunakili yaweza kukabidhiwa kompyuta. Kinachohitajika ni modemu, yaani kile kifaa kidogo cha kuchomeka ubavuni mwa kompyuta, ambacho ndani yake huwekwa laini ya simu ya chama. Kompyuta huiamuru modemu kwa maneno mafupi yaanzayo na herufi AT, mtindo uliotokana na kampuni ya Hayes ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Amri AT+CMGF=1 huitaka itoe ujumbe kwa maandishi ya kawaida; AT+CMGL="ALL" huorodhesha ujumbe wote uliopo; AT+CMGD hufuta. Kijana aliyejifunza kompyuta aweza kuandika programu fupi ya kurudia amri hizo kila dakika, kuchambua ujumbe na kuuandika katika jedwali. Nafasi ya kuhifadhi ujumbe ni ndogo, na ikijaa ujumbe mpya hukwama. Kwa hiyo programu ifute, lakini ifute baada ya kuandika, si kabla.

Sasa tuangalie jambo lenyewe. Ujumbe wa kupokea fedha huwa na namba ya muamala, kiasi, mtumaji, tarehe na salio jipya. Makatibu wengi hutazama kiasi na jina tu. Mimi nawasihi mtazame salio.

Tuseme salio la chama lilikuwa shilingi 184,000. Unaingia ujumbe wa shilingi 10,000, wenye salio 194,000. Hesabu inakubali. Kisha unaingia ujumbe wa shilingi 50,000, ulioandikwa vizuri kabisa, wenye salio 71,500. Hapo programu isimame na kumwita katibu. Ujumbe wa uongo ni rahisi kutunga, hata jina la mtumaji laweza kughushiwa, lakini tapeli hajui salio letu. Kanuni hiyohiyo hufichua ujumbe uliopotea: salio likiruka kutoka 194,000 hadi 219,000 pasipo maelezo, kuna 25,000 ya mtu ambayo haijaandikwa. Wakati mwingine ujumbe hufika kwa kupishana; upangwe kwanza kwa saa ya muamala. Fedha zilizotolewa na ada zake ziingizwe pia, ama sivyo mnyororo utakatika bila sababu.

Namba ya muamala isipokelewe mara mbili. Mwanachama akilipa kwa simu ya mkewe au ya jirani, programu isikisie ni nani. Fedha hizo zikae katika akaunti ya muda mpaka mwenyewe ajitambulishe.

Wapo watakaosema: ikiwa mashine yapokea, kwa nini isilipe mikopo pia? Kwa maoni yangu, isilipe. Ili ilipe, lazima namba ya siri iandikwe ndani ya kompyuta, na yeyote aifunguaye kompyuta ameshika ufunguo wa kasha. Utaratibu wetu wa hati ya malipo yenye saini zaidi ya moja uliwekwa kwa sababu hiyohiyo. Chama kikubwa chenye malipo mengi kiombe kampuni ya simu njia rasmi ya kuunganisha mitambo.

Jedwali hilo lina majina na namba za watu, nalo limo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lisiachwe wazi mezani. Kila jioni katibu alichapishe, mweka hazina alilinganishe na salio lililo katika simu, na wote wawili watie saini. Umeme ukikatika, daftari la mkono liendelee kama zamani, kisha siku inayofuata vitabu viwili vilinganishwe mstari kwa mstari.