MPOKEAJI NI NANI? KLASI NA VITU KATIKA LUGHA YA RUBY

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, najua mlitarajia mashairi katika kurasa hizi, nami nimewajia na tarakilishi. Niwieni radhi. Lugha ninayoizungumzia ni Ruby, iliyotolewa mwaka wa 1995 na Mjapani Yukihiro Matsumoto, nayo pia ina sarufi yake.

Mwalimu akisimama mlangoni aseme tu "Soma!", si darasa zima litatazamana? Lakini akitaja jina kwanza, mwenyewe ataamka. Ruby nayo ni hivyo: kwanza anayeambiwa, kisha nukta, kisha tendo. Anayeambiwa ndiye mpokeaji; tendo huitwa methodi.

"mbuzi".length

Mpokeaji hapa ni neno "mbuzi", nalo hujibu 5, yaani herufi tano. Hebu sasa jaribu 5.length. Utafokewa! Namba 5 ni ya klasi ya Integer, na klasi hiyo haina methodi ya urefu. Ila 5.even? hujibu false, kwa kuwa 5 si shufwa. Klasi ndiyo huamua kitu kitajibu nini, kama vile "kitabu" hudai "kimepotea" wala si "amepotea". Tofauti ni kwamba ngeli haizai nomino, lakini klasi huzaa vitu: ukiandika Kitabu.new umepata kitabu kipya. Na hata klasi yenyewe ni kitu! Hilo lilinisumbua wiki nzima, tuliache.

Je, mpokeaji asipotajwa? Ruby hudhani kitu kinajiambia chenyewe, yaani self. Hapo ndipo nilipoteleza. Nilitunga programu ya kuweka hesabu ya vitabu vya chama:

class Kitabu
  attr_accessor :msomaji
  def rudisha
    msomaji = nil
  end
end

Nikaona mambo ni shwari. Lo! Mtoto wa kidato cha kwanza akadaiwa kitabu alichokwisha kurudisha. Akaapa, akalia, wenzake wakamcheka, na mimi nikasema ati tarakilishi haidanganyi. Siku ya tatu kitabu kikaonekana rafuni.

Kosa lilikuwa langu. Neno likifuatwa na alama ya = bila mpokeaji, Ruby haiiti methodi yoyote. Hufanya kibadilika kipya cha humo ndani tu. Kile changu kilipewa nil, kikafa methodi ilipokwisha, na kitabu kikabaki na jina la mtoto wa watu. Dawa ni hii:

self.msomaji = nil

Neno moja na nukta! Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, nikamnunulia mandazi. Alikula, lakini hata leo akirudisha kitabu haondoki mpaka nimwonyeshe kioo cha tarakilishi.