Somo la Korongo: Kwa Bwana na Bibi Waendao Matembezi

Bwana na bibi waliofanya kazi juma zima hupenda mara nyingine kutoka nyumbani siku moja, watembee kwa miguu mahali pageni, wakarudi jioni. Jambo hilo ni jema. Lakini wengi waingiao makorongoni na mapangoni hawajajiuliza neno moja: Ni nini kilichochimba mahali hapa? Na tujifunze jibu lake mwezi huu, maana laweza kumponya mtu na mauti.

1. Kazi ya maji

Wakaao Tanga hawana haja ya kwenda mbali. Kilometa 8 hivi kaskazini ya mji, upande wa njia ya Mombasa, yako mapango ya Amboni, karibu na mto Mkulumuzi. Mawe yake ni ya chokaa, nayo yalifanyika chini ya bahari yapata miaka milioni 150 iliyopita. Mvua inyeshapo, maji huchukua katika anga na udongo hewa ile ile tuitoayo puani, yakawa makali kidogo kama siki iliyotiwa maji mengi. Maji hayo huingia katika nyufa za jiwe, yakalila polepole. Bandu bandu huisha gogo. Na jiwe nalo huisha vivyo hivyo.

Husimuliwa ya kuwa watu wawili waliingia humo pamoja na mbwa wao, wakapotea, na mbwa akaonekana Kilimanjaro. Lakini wapimaji wa mwaka 1994 waliona mapango 10, na lililo refu kupita yote lilikuwa mita 900 tu. Basi hayafiki Kilimanjaro. Walakini mita 900 za giza zatosha kumpoteza asiye na taa wala kiongozi.

2. Maji huirudia njia yake

Mapango huchimbwa polepole, bali korongo la nchi kavu huchimbwa kwa mafuriko ya ghafula. Katika nchi jirani ya Kenya, karibu na Naivasha, liko korongo la Ol Njorowa, katika hifadhi ya Hell's Gate. Kuta zake ni ndefu na njia yake ni nyembamba. Siku nyingi mtu hupita chini yake karibu pakavu. Aprili 2012 vijana 7 waliokuwa katika matembezi ya kanisa walichukuliwa humo na maji, wakafa. Tena tarehe 1 Septemba 2019 wakafa watu 7 wengine, na mmoja wao alikuwa kiongozi wa njia. Angalieni: Septemba si mwezi wa masika, wala kiongozi yule hakuwa mgeni.

Yawezekanaje? Mvua kubwa hunyesha mbali, juu ya ardhi ngumu isiyoinywa upesi. Maji yote hukimbilia bondeni. Na kwa kuwa kuta zimesongana, hayana pa kutawanyika, hupanda juu tu. Aliye chini aweza kuona mbingu nyeupe kichwani pake, na huku mafuriko yaja. Hata sisi wa pwani tusijisahau: mito yetu, Zigi na Mkulumuzi, hushuka kutoka upande wa Usambara, na mvua ya huko hatuioni tukiwa Tanga.

3. Yapasayo watu wawili

Kwanza, waulize wenyeji habari za mvua, si ya hapo tu, bali ya huko mto utokako. Kuuliza si ujinga.

Pili, waondoke alfajiri, wakimwambia jirani waendako na saa watakayorudi. Wachukue maji ya kunywa, na taa mbili, kila mtu yake.

Tatu, mwenye mwendo wa haraka amfuate mwenye mwendo wa pole, asimtangulie.

Nne, wakiona maji yamegeuka rangi, au yanachukua majani na vijiti, au wakisikia mngurumo, wapande juu mara moja na kuacha mizigo. Maji ya magotini yaendayo mbio humwangusha mtu mzima.

Tano, nayo ni kubwa: wapatane kabla ya kutoka nyumbani ya kuwa mmoja akisema, "Turudi," wote wawili watarudi, pasipo mabishano wala dhihaka. Bwana asione haya kwa kuwa bibi ndiye aliyesema. Wala bibi asinyamaze kwa kuogopa kuiharibu siku ya furaha. Korongo litakuwapo mwezi ujao. Na wao nao wawepo.

Maswali ya kujipima

1. Maji hulilaje jiwe la chokaa?
2. Kwa nini mbingu nyeupe si dalili ya usalama korongoni?
3. Je, wewe na mwenzako mmekwisha kupatana juu ya neno "Turudi"?