Ulimi wa Umma na Mizani ya Msikilizaji

Katika siasa iko namna ya kusema ambayo yatupasa kuijua. Msemaji huwagawa watu mafungu mawili: "sisi" wananchi tulioonewa, na "wao" wakubwa walioonea; kisha hujifanya yeye peke yake ndiye ulimi wa umma.

Mwaka 2017 Raila Odinga alijifananisha na Yoshua, akaahidi kuwavusha wafuasi wake hadi Kanaani. Mwaka 2022 William Ruto naye alisimama na "mahasla" dhidi ya nasaba za watawala, hali ya kuwa yeye ni Naibu wa Rais tangu 2013. Basi ulimi huu hauna chama.

Tazameni Homa Bay na Migori. Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, Raila alijitoa katika marudio ya 26 Oktoba, na kura ikakwama Homa Bay na sehemu za Migori. Tarehe 9 Machi 2018 yeye na Rais Uhuru Kenyatta walipeana mikono. Amani ni kheri. Lakini "wao" wa jana walikuwa ndugu wa leo, na umma ulipata habari mambo yamekwisha.

Fahamuni: dhuluma yaweza kuwa ya kweli, na dawa yake ikawa maneno matupu. Basi kila msemaji na aulizwe matatu: utafanya nini? Kwa mali gani? Usipotimiza, tutakushika kwa lipi?