Gari Linalojishikia Njia: Lichukulie kama Utingo, Usiliachie Usukani

Gari limeshuka bandarini, Mombasa au Dar es Salaam, limesajiliwa, na sasa liko mikononi mwako. Siku ya kwanza ukiwa barabara kuu unabonyeza kitufe usichokijua kwenye usukani. Taa ya kijani inawaka kwenye dashibodi, na sauti inatamka maneno ya Kijapani. Mara unahisi usukani unajikaza. Gari linajiweka lenyewe katikati ya mistari, na lori la mbele likipunguza mwendo, nalo linapunguza. Unatamani kumpigia simu ndugu yako umsimulie. Kitabu cha maelekezo kimo kwenye droo ya gari, ila nacho ni cha Kijapani.

Magari ya namna hii yanazidi kuingia kwetu. Subaru ilianza kuuza mfumo wake wa EyeSight Japani mwaka 2008, na baadaye ikauongezea uwezo wa kushika katikati ya njia. Toyota ilileta Safety Sense mwaka 2015, na Nissan ikaweka ProPILOT kwenye gari lake la Serena mwaka 2016. Magari yenye mifumo ya namna hiyo yapo leo kwenye yadi zetu. Anayenunua anahitaji kujua mambo mawili: mfumo huu unaweza nini, na unaishia wapi.

Vitu vitatu tofauti

Cha kwanza ni breki ya dharura. Gari likiona unakaribia kugonga na hujafanya lolote, linapiga kelele, kisha linajifungia breki. Cha pili ni mwendo unaojirekebisha: unachagua kasi, tuseme kilomita 80 kwa saa, na gari linaishika huku likiacha nafasi kati yako na gari la mbele. Cha tatu ni kushika njia: kamera inasoma mistari ya barabarani na kuusogeza usukani taratibu.

Wahandisi hupima uwezo wa magari kujiendesha kwa ngazi, kuanzia 0 hadi 5. Cha pili na cha tatu vikifanya kazi pamoja, gari liko ngazi ya 2. Katika ngazi hiyo dereva ni wewe, kila sekunde, hata kama hukanyagi mafuta. Ngazi ya 3, ambapo mtengenezaji anakuruhusu kuondoa macho barabarani kwa muda, ni adimu sana. Honda ilipoiuza kwa mara ya kwanza Japani mwaka 2021, ilifanya kazi kwenye foleni za barabara kuu tu, kwa mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba gari la 2017 "linajiendesha lenyewe", hakuambii ukweli.

Faida iliyopo

Breki ya dharura imethibitika. Watafiti wa taasisi ya bima za usalama barabarani ya Marekani, IIHS, waliona kwamba inapunguza ajali za kugonga gari la mbele kwa takribani nusu. Iache iwake kila siku. Mwendo unaojirekebisha nao unapumzisha mguu katika safari ndefu, na unakuzuia kuvuka kasi uliyoichagua bila kujua.

Kwa kushika njia, habari ni tofauti. Taasisi hiyohiyo haijaona ushahidi wa kutosha kwamba mifumo ya ngazi ya 2 inapunguza ajali. Mwaka 2024 ilipima mifumo 14, ikiangalia kama inahakikisha dereva yuko makini. Kumi na mmoja iliangukia daraja la chini kabisa, na ni mmoja tu uliofikia daraja la kukubalika. Kushika njia kunaleta starehe. Usalama unabaki kutegemea macho yako.

Inaposhindwa

Mei 2016, katika jimbo la Florida, gari aina ya Tesla likiwa limewashwa mfumo wa ngazi ya 2 lilipita chini ya semi-trela iliyokuwa ikikata barabara. Dereva alifariki. Wachunguzi wa usalama wa usafiri wa Marekani walikuta kwamba mfumo ulikuwa umefanya kazi kwa dakika 37, na katika muda huo mikono ya dereva ilihisiwa kwenye usukani kwa sekunde 25 tu. Mfumo haukuwa umeundwa kutambua gari linalokatiza barabara.

Machi 2018, huko Mountain View, California, Tesla nyingine ilifuata mstari hadi mahali barabara inapogawanyika, ikagonga kizuizi cha katikati kwa kasi iliyozidi kilomita 110 kwa saa. Katika sekunde sita za mwisho mikono haikuhisiwa kwenye usukani. Wachunguzi walihitimisha kwamba huenda dereva alikuwa ameshughulika na mchezo kwenye simu. Kwa kasi hiyo, sekunde sita ni karibu mita 180, zaidi ya uwanja mmoja na nusu wa mpira.

Ajali hizi zinafundisha jambo linalohusu kila chapa. Rada na kamera ni hodari wa kufuata gari linalokwenda mbele yako. Kitu kilichosimama ni mtihani mgumu, kwa sababu rada inapokea mwangwi wa madaraja, vibao na nguzo kila wakati, na programu hulazimika kupuuza sehemu kubwa ya mwangwi huo ili gari lisifunge breki ovyo. Ukiwa kwenye kasi kubwa, kilichopuuzwa kinaweza kuwa lori bovu.

Barabara zetu

Hapa ndipo unapohitaji tahadhari zaidi. Lori likiharibika usiku, dereva wake anakata matawi na kuyapanga barabarani. Wewe ukiyaona unajua mara moja kwamba mbele kuna hatari. Kamera iliyofundishwa barabara za Japani haijui maana ya matawi. Haijui kwamba kundi la ng'ombe likianza kuvuka, ndama wa mwisho naye atavuka. Bodaboda isiyo na taa, mkokoteni, tuta lisilopakwa rangi, mstari uliofutika, bega la barabara lililoliwa na mvua: hakuna hata kimoja unachoweza kuutegemea mfumo ukione.

Kwa hiyo chagua mahali. Kwenye barabara yenye njia mbili au zaidi kila upande, kizuizi katikati na mistari inayoonekana, kama Nairobi Expressway nje ya msongamano, mfumo unaweza kukusaidia. Kwenye barabara ya njia moja moja yenye malori yanayopishana, zima kushika njia. Kwenye miteremko mikali kama Kitonga nchini Tanzania au Mai Mahiu nchini Kenya, zima pia mwendo unaojirekebisha, weka gia ndogo, na ushike breki mwenyewe. Mvua kubwa, ukungu, vumbi, na jua la jioni linalopiga usoni vinapofusha kamera kama vinavyokupofusha wewe.

Kabla ya kuuamini mfumo

Kamera hukaa nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Stika, tinti au mapambo yanayoning'inia hapo yanaiziba. Kioo kikibadilishwa, kamera ni lazima ipimwe na kusawazishwa upya kwa vifaa maalumu. Muulize fundi kama anavyo kabla hujamkabidhi gari. Kama hana, usiwashe mfumo hadi umpate mwenye navyo.

Magari mengi yana rada nyuma ya nembo au bampa ya mbele. Nembo ya bandia, rangi iliyopakwa nene, au chuma cha kukinga bampa vinaweza kuivuruga. Na kama gari limeinuliwa kwa spesa ili lisigonge matuta, kamera na rada sasa zinatazama kwa pembe nyingine. Wengi wetu tunainua magari bila kulifikiria hilo.

Tafuta kitabu cha maelekezo cha modeli yako kwa lugha unayoisoma. Hakikisha unaijua taa ya kila mfumo na mlio wa kila onyo, kwa sababu sauti ya Kijapani haitakusaidia wakati wa dharura.

Ukiwa safarini

Jifunze kwanza kuzima. Kwa kawaida kukanyaga breki hukata mwendo unaojirekebisha, lakini kitufe chake ukijue bila kukitazama. Weka nafasi ndefu zaidi kati yako na gari la mbele. Daladala au matatu ikichomoka na kuingia hapo, gari linaweza kupunguza mwendo ghafla, basi chungulia pia aliye nyuma yako. Kumbuka kwamba baadhi ya mifumo hujizima mwendo ukishuka sana, na kuanzia hapo breki ni kazi yako.

Mikono isitoke kwenye usukani. Usifunge uzito wowote ili kuudanganya mfumo kwamba umeushika. Simu ikae mbali. Na ukichoka, simama upumzike, kwa maana mfumo huu haukuundwa kubeba dereva aliyelala. Kukaa ukitazama kazi inayofanywa na mwingine huleta usingizi haraka kuliko kuifanya mwenyewe.

Madereva wa malori wanamjua utingo mzuri. Anaweka jiwe chini ya tairi, anapiga kelele lori linaporudi nyuma, anamwamsha dereva anaposinzia. Safari bila yeye ni ngumu. Lakini akishuka kufungua turubai, hakuna dereva anayeshuka naye na kuliacha lori linatembea. Mshukuru utingo wako wa umeme kwa kila onyo analokupa, na macho yako yabaki barabarani, uwaone ng'ombe na matawi yeye asiyoyajua.