Somo la utunzaji wa miradi: Chuma kinapoliwa chini ya maji

Somo la robo hii linawahusu zaidi wenzetu wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, ambao sharika zao zina boti. Hata hivyo, kamati zenye visima vya pampu za mkono zisipite ukurasa huu, maana nazo zitakuta lao.

Ripoti nyingi zinazotufikia huandikwa hivi: "Boti imeharibika kwa sababu ya maji." Maelezo hayo hayatoshi. Maji ya ziwa letu hayana chumvi ya bahari, na chuma kilichopakwa rangi vizuri huliwa polepole sana ndani yake. Ukiona propela imetoboka kwa msimu mmoja, au bati la chini limechimbika baada ya muda mfupi, jua kuna chanzo kingine, na chanzo hicho kinaweza kutafutwa. Mfadhili akinunua propela mpya kabla chanzo hakijajulikana, hiyo nayo italiwa kama ile ya kwanza.

Chanzo chenyewe tunakijua wote, ila hatukizoei kwa jina hilo. Tazameni betri ya kawaida ya tochi. Ganda lake ni zinki, na umeme unapotoka, zinki hiyo huliwa. Ukiisahau ndani ya tochi, ganda hutoboka na uchafu humwagika. Boti iliyofungwa gatini hufanya vivyo hivyo. Metali mbili tofauti zikigusana huku zote zikiwa majini, huwa betri, na ile iliyo dhaifu huliwa kwa faida ya iliyo imara. Dhaifu kuliko zote ni magnesi, ikifuatiwa na zinki, alumini, kisha chuma cha kawaida. Baada ya hapo huja shaba na bronzi, na mwisho chuma kile kisichoshika kutu ambacho mafundi hukiita stenlesi. Kwa hiyo propela ya bronzi kwenye boti ya chuma haiumii yenyewe. Kinachoumia ni chuma kilicho jirani yake.

Waingereza walijifunza hayo kwa gharama. Mwaka 1761 manowari yao iitwayo Alarm ilifunikwa tumboni kwa mabati ya shaba ili wadudu wa baharini wasile mbao. Baada ya safari zake katika bahari ya joto, misumari ya chuma iliyoshikilia shaba ilikutwa imeliwa na mabati yakaanza kuachia. Misumari michache ilikuwa mizima, ile ambayo karatasi ya kufungia mabati ilikuwa imebaki katikati yake na shaba. Mwaka 1824 mwanasayansi Humphry Davy aligeuza tatizo kuwa dawa: alipendekeza kufunga kwa makusudi vipande vya metali dhaifu, kama zinki au chuma, ili viliwe badala ya shaba. Kipande cha namna hiyo leo kinaitwa anodi, ingawa mafundi wengi husema "zinki" tu.

Sasa tuje kwenye uchunguzi. Boti lazima ipandishwe nchi kavu, haikaguliwi kwa kuchungulia pembeni ya gati. Mwambao wetu una historia ya jambo hilo. Mwezi Agosti 1914, meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa kwa matengenezo pale Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen, ndipo Waingereza walipoikuta na kuishambulia.

Boti ikiwa juu, msianze kuikwangua. Angalieni kwanza mahali palipoliwa. Katika maji yasiyo na chumvi umeme hausafiri mbali, hivyo madhara ya metali mbili hujikusanya karibu zinapogusana: kuzunguka shafti, usukani na boliti. Kutu iliyotapakaa kwenye mstari wa maji mara nyingi husema rangi imekwisha. Ikiwa bati limeliwa kutoka ndani, tazameni ngama, yaani maji yanayotuama chini ya sakafu ya boti. Boti nyingi za chuma huanzia kuoza huko, na watu wanahangaika na nje tu.

Rangi nayo ina habari. Kwenye chuma utaona vichuguu vya kahawia, na ukivivunja, ndani ni vyeusi na chini yake kuna shimo. Alumini ya injini ya kufunga nyuma hutoa unga mweupe. Shaba yenye zinki ndani yake ikigeuka kuwa ya waridi, zinki imetoka na kilichobaki ni kama sifongo; kipigeni taratibu, kizima hulia kama kengele na kibovu hutoa sauti iliyokufa. Shimo linalong'aa, safi, lililotokea ndani ya wiki chache, hilo ni jambo la haraka. Mara nyingi ni umeme wa betri ya boti unaovuja kupitia waya uliochubuka, hasa ule wa pampu ya ngama. Zimeni kila kitu, mpimeni fundi umeme mkondo unaotoka kwenye betri kwa mita yake. Usomaji uwe sifuri.

Kisha angalieni anodi. Usharika mmoja wa mwambao ulituletea barua ya kuomba bati jipya la sehemu ya nyuma ya boti yao, ile inayobeba wagonjwa. Kamati iliandika kwa furaha kwamba anodi zao ni nzima kabisa, kama siku ziliponunuliwa. Hapo ndipo palipotushtua, maana anodi isiyoliwa haifanyi kazi. Tulipofika tulikuta zimepakwa rangi pamoja na boti nzima, zikapendeza, na bati ndilo lililokuwa likiliwa kwa niaba yake.

Anodi haipakwi rangi. Mahali inapofungwa pakwanguliwe hadi chuma kiwe cheupe, na fundi apime kwa mita kati ya anodi na bati: usomaji uwe chini ya omu 1. Kwa ziwa letu ombeni anodi ya magnesi, kwa sababu zinki katika maji yasiyo na chumvi hujivika ganda gumu na kulala. Duka la Dar es Salaam litawapa ya zinki msiposema, kwani wateja wake wengi ni wa baharini. Ikiliwa nusu, badilisheni.

Njia ya pili ni kutenganisha chuma na maji. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ni shahidi. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, lakini mainjinia wake walipaka mitambo grisi nzito kwanza. Ilipoibuliwa mwaka 1924, mitambo hiyo bado ilifaa kutengenezwa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Kwetu sisi ni rangi: kukwangua hadi chuma, rangi ya msingi, kisha matabaka ya juu, bila kuharakisha kwa sababu ya safari ya kesho.

Kwa kamati za visima: mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki yanalindwa kwa kanuni hiyo hiyo, na zinki yake huisha haraka maji yakiwa na uchachu, chini ya pH 6.5. Maji ya asubuhi yakitoka mekundu kisha yakasafika baada ya kupampu, bomba ndilo linaloliwa. Pimeni pH kabla ya kuomba mabomba mengine ya aina ile ile.

Kuanzia robo ijayo, maombi ya vipuri vya boti yaje na picha ya anodi za zamani, tarehe boti ilipopandishwa mara ya mwisho, na nakala ya cheti cha ukaguzi cha TASAC. Bajeti ya mwaka ya kila boti iwe na fungu la anodi na rangi. Wafadhili wetu wanaosoma hapa tunawaomba wasione fungu hilo dogo kuwa la kukatwa kwanza.